Ukiambiwa "hariri", ujue umeambiwa nini

Nyie mnaoanza kazi za maandishi, iwe habari, vitabu au ripoti za ofisini, hili neno mtalisikia kila siku kwahiyo bora mlijue mapema. Mi siku za mwanzo niliambiwa "hariri hii", nikashika kurasa kumi na mbili nikawinda herufi zilizokosewa, nikapachika koma zangu, nikarudisha kazi kifua mbele. Bosi kasoma aya moja tu akaniuliza, sasa hapa umehariri nini?

Kumbe nilikua nimesahihisha. Kusahihisha kumetoka kwenye sahihi, unatoa kosa unaweka kilicho sawa, basi. Cheki sentensi niliyoiacha siku ile: "Mkutano huo ulikuwa ni mkutano ambao ulihudhuriwa na watu wengi." Tahajia safi, sarufi haina shida, msahihishaji anapita zake. Mhariri anabakiza "Mkutano huo ulihudhuriwa na watu wengi", maana mkutano mmoja unatosha jamani.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, harrara, na huko linabeba kuacha huru na pia kuandaa maandishi, ndo maana Tahrir, ule uwanja wa Cairo uliofurika waandamanaji 2011, maana yake ukombozi, na tahrir hiyohiyo kwenye gazeti la Kiarabu ni uhariri. Uhuru wetu nao umetoka mzizi huohuo, yaani hariri na uhuru ni ndugu wa damu, na mi napenda hivyo, ile sentensi ya mkutano kweli ilikua kifungoni. Ila msije mkasema kuhariri ni kulainisha eti kwa sababu hariri ni kitambaa laini, nimeshamsikia mtu anafundisha hivyo kabisa.

Matumizi sasa. Mtu ni mhariri, kazi ni uhariri. Tahariri ni kitu kingine, ni ile makala inayotoa msimamo wa gazeti lenyewe, kwahiyo usiandike barua "naomba kazi ya tahariri", watakucheka. Mwisho wa neno haugeuki kwenye kukanusha: sihariri, hahariri, kama sisafiri. Kwa video na picha watu wanasema kuediti na mi sina ugomvi nao, ila makala "imeeditiwa" wakati imehaririwa ipo, huo naona ni uvivu tu.

Neno la kuogopa zaidi ni "pitia". Niliwahi kuambiwa nipitie kazi ya mwenzangu, nikafyeka nusu ukurasa, kumbe alitaka tu nimwambie kama inaeleweka, akakaa wiki nzima hanisemeshi. Siku hizi mtu akinitumia faili, kabla sijalifungua namuuliza, nirekebishe humohumo au nikuandikie maoni pembeni?