Homu thieta kwa laki saba: spika tano, au tatu zilizo nzuri?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina runinga ya inchi 43 na sebule ya mita nne kwa tano, chini ni vigae. Nimejikusanyia shilingi laki saba, nataka ile sauti ya kuzunguka kama ya ukumbi wa sinema. Kariakoo nimeonyeshwa homu thieta ya spika tano na sabufa, boksi limeandikwa wati 12,000 PMPO. Jirani ananiambia niachane nayo, nitafute risiva (mashine ya kupokea sauti na kuendesha spika) ya mtumba na spika zake. Mke wangu anataka saundi baa kwa sababu hataki nyaya zizagae sebuleni. Nyumbani tunaangalia mpira, tamthilia na filamu za flashi, nyingi zile zilizotafsiriwa. Ninunue ipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kabla hujarudi dukani, chukua tochi uende nyuma ya runinga yako. Angalia matundu ya HDMI: je, kuna moja lililoandikwa ARC, yaani lile linalorudisha sauti ya runinga kwenye mashine ya spika? Kama halipo, tafuta tundu dogo la mraba lenye kifuniko, limeandikwa OPTICAL. Kama yote mawili hayapo, na ulichonacho ni tundu la spika za masikioni au pini nyekundu na nyeupe tu, basi homu thieta ya spika tano haitakupa unachokitafuta kwa sauti inayotoka kwenye runinga hiyo, hata ukilipa milioni tatu.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Sauti ya kuzunguka inatoka kwenye filamu yenyewe. Mafundi wa studio huigawa katika njia sita: kushoto, katikati, kulia, mbili za pembeni kwa nyuma, na ya sita ya besi nzito peke yake. Hiyo ya besi ndiyo ile ".1" kwenye 5.1. Njia hizo hufungwa pamoja kwa mfumo kama Dolby Digital au DTS, na mashine yako inatakiwa ipokee furushi hilo likiwa zima ndipo ilifungue. HDMI inalibeba. Waya wa mwanga unaoingia kwenye OPTICAL unalibeba pia. Pini nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu, kushoto na kulia, basi.

Sasa geuza ile homu thieta ya Kariakoo uitazame mgongoni. Nyingi za aina hiyo zina Bluetooth, tundu la flashi, redio, na pini nyekundu na nyeupe. Hakuna HDMI wala OPTICAL. Zinapokea njia mbili, kisha zinazinakili kwenye spika zote tano. Mteja wangu mmoja wa Tabata aliniita akilalamika kwamba spika zake za nyuma "zinaimba vilevile kama za mbele". Nilikwenda, nikachomoa za mbele, nikamwacha asikilize za nyuma peke yake. Mtangazaji wa mpira alikuwa anazungumza mgongoni kwake. Mashine haikuwa na kasoro yoyote, ndivyo ilivyotengenezwa. Iliniuma, kwa sababu alikuwa ameweka akiba miezi mingi.

Kuhusu wati 12,000: PMPO, ile nguvu ya kilele inayodaiwa kwenye boksi, usiihesabu kabisa, haina kipimo kinachofuatwa na wote, kila mtengenezaji anaandika anavyotaka. Namba yenye maana ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo. Kama hujaiona kwenye boksi, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaotumia. Ukikuta imeandikwa wati 60, jua kwamba spika zote kwa pamoja haziwezi kutoa zaidi ya hizo kwa mfululizo, na kwa amplifaya za kawaida karibu nusu inaishia kuwa joto. Kibandiko nacho hakisemi yote, lakini kinakuokoa na uongo mkubwa. Kwa sebule yako, wati 30 hadi 50 za kweli kwa kila spika zinatosha hata siku ya fainali.

Halafu tuangalie mnachokitazama, maana ushauri wa maana unatoka hapo. Filamu zilizotafsiriwa zimewekewa sauti ya msimulizi juu ya sauti ya filamu, na zimebanwa ili zienee kwenye flashi. Kwa kawaida hubaki na njia mbili. Tamthilia nyingi ni hivyohivyo. Mpira unategemea king'amuzi: baadhi ya vile vya HD hutoa Dolby Digital kwenye baadhi ya chaneli, ila mara nyingi nakuta menyu ya sauti imeachwa kwenye stirio, yaani njia mbili tu, na mwenye nyumba hajui. Kwa hiyo saa nyingi za wiki, spika za nyuma kwako zingekuwa pambo. Kinachohitajika nyumbani kwako ni maneno yasikike bila kupandisha sauti hadi majirani wajue habari zenu, na besi inayotua vizuri kifuani bila kuvuma.

Ndiyo maana nakushauri ununue spika tatu nzuri za mbele na sabufa, ziendeshwe na risiva ya mtumba, na zile mbili za nyuma uziache kwa baadaye. Jirani yako ana hoja. Mke wako pia ana hoja: ukiweka spika tatu na sabufa mbele, nyaya zote zinabaki nyuma ya kabati la runinga, hakuna hata mmoja unaokatiza sebule.

Spika ya katikati usiidharau kwa kuwa ni moja. Kwenye filamu yenye njia sita, sehemu kubwa ya mazungumzo hupita humo. Na risiva nzuri za zamani zina kitu kinaitwa Dolby Pro Logic II, ambacho huchukua stirio ya kawaida na kukisia kipi kiende katikati, kipi kiende pembeni. Kwenye mpira kinafanya kazi ya kupendeza: mtangazaji anasimama katikati ya skrini, kelele za mashabiki zinatanuka. Siku ukiongeza spika za nyuma, uwanja mzima utaingia sebuleni.

Mafungu ya laki saba ningeyapanga hivi, na haya ni mipaka ninayokuwekea, si bei za soko: risiva isizidi laki mbili na nusu, spika tatu za mbele laki mbili, sabufa laki moja na nusu, na laki moja inayobaki ni ya nyaya, stabilaiza na nauli ya fundi au bajaji. Ukipunjwa kwenye risiva, usifidie kwa kununua spika mbovu. Risiva ya kawaida yenye spika nzuri inaishinda risiva ya kifahari yenye spika za plastiki.

Kwenye mtumba kuna mitego, na hapa nakuomba unisome polepole.

Wa kwanza ni volti. Mashine iliyotoka Uingereza au Ulaya inakubali umeme wetu wa volti 230. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120, na ya Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja, utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Soma kibandiko cha nyuma mwenyewe, usitegemee neno la muuzaji. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ni gharama na mzigo mwingine, mimi ningeipita mashine hiyo.

Wa pili ni omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Spika zilizotolewa kwenye homu thieta za boksi mara nyingi ni za omu 3 au 4. Risiva nyingi zinataka omu 6 hadi 16, na imeandikwa pale zinapofungwa nyaya. Ukifunga spika za omu 3, risiva inavuta mkondo mkubwa kuliko iliotengenezewa, inachemka, inajizima, na siku moja haiwaki tena. Tafuta spika za omu 6 au 8, za boksi la mbao.

Wa tatu umewagharimu wengi: sabufa. Ile ya homu thieta ya boksi haina amplifaya ndani, inaendeshwa na mashine yake. Risiva inatoa besi kwa pini moja tu iliyoandikwa SUBWOOFER, na pini hiyo haina nguvu ya kusukuma koni, ule uso wa spika unaotetemeka. Unahitaji sabufa yenye amplifaya yake, yaani ile yenye waya wake wa umeme na kitasa cha sauti mgongoni.

Spika za zamani zikague kwa kidole. Ule ukingo laini unaozunguka koni, kama ni wa sponji, huoza kwa miaka. Ukiugusa ukamomonyoka, achana nazo. Koni nayo isukume taratibu kwa vidole viwili pande zote: ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Risiva ikiwashwa, subiri sekunde chache usikie "tak" ya rilei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika. Isiposikika, au taa ya PROTECT (mashine inajilinda) ikamulika, shukuru, ondoka. Zungusha kitasa cha sauti kwa utulivu. Mikwaruzo kidogo husafishika, sauti ya upande mmoja kupotea ni ugonjwa mwingine. Iache ipige nusu saa nzima mbele yako. Muuzaji asiyekupa nusu saa hana haki ya kukuomba laki mbili.

Tafuta risiva yenye HDMI ARC ikiwezekana. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, hivyo za kuanzia miaka ya 2010 ndizo za kuulizia. Ukipata ya zamani zaidi yenye OPTICAL pekee na ikiwa nzima, usiikatae: inafungua Dolby Digital na DTS bila shida. Itakachokosa ni Dolby Digital Plus, ambayo hutumiwa na huduma za filamu za intaneti kama Netflix. Baadhi ya runinga huigeuza kuwa Dolby Digital ya kawaida kabla ya kuitoa, nyingine zitakupa stirio.

Na kama huna fundi unayemwamini wa kukusindikiza kwenye mtumba, msikilize mke wako. Nunua saundi baa mpya yenye sabufa ya pembeni, yenye HDMI ARC, na risiti ya udhamini. Ikiwa na spika ya katikati, yaani 3.1, ni bora kuliko 2.1 isiyo nayo. Hutapanua baadaye, lakini utasikia maneno vizuri tangu siku ya kwanza. Ile ya wati 12,000 iache palepale ilipo.

Ukishafika nyumbani, king'amuzi kifunge kwenye risiva kwa HDMI, risiva ifunge kwenye tundu la ARC la runinga. Ingia menyu ya sauti ya runinga na ya king'amuzi, toa PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa), weka Bitstream (furushi zima) au Dolby Digital. Ukiiacha kwenye PCM, ARC itapitisha njia mbili tu na utanilaumu bure. Filamu ya flashi ikionyesha picha bila sauti, huenda ina DTS ambayo runinga yako haiifungui. Hapo kosa haliko kwenye spika.

Waya wa spika tumia wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule mwekundu na mweusi. Mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha pande zote mbili. Ukigeuza kwenye spika moja, besi inanyauka na sauti inakosa pa kusimama. Nimeitwa mara nyingi "kutengeneza" kosa hilo.

Mkikaa mita mbili na nusu kutoka kwenye runinga, achanisha spika za kushoto na kulia kwa umbali huohuo, zikielekezwa kwenye kochi, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio. Ya katikati ikae chini ya runinga, mbele kabisa ukingoni mwa rafu, isizame ndani ya kabati. Vigae na kuta tupu vinarudisha sauti kali na kuyavuruga maneno, kwa hiyo zulia kati ya kochi na runinga, pamoja na mapazia mazito, vitakusaidia kuliko kuongeza laki moja kwenye spika. Za nyuma zitakapokuja, usizitundike kwenye kona za dari kama wengi wanavyofanya. Ziweke ubavuni mwa kochi, nyuma kidogo ya masikio, juu yake kwa sentimita 30 hadi 60.

Sabufa ndiyo inayohitaji subira. Iweke kwa muda pale unapokaa kwenye kochi, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe tembea kwa magoti ukifuata ukuta wa mbele, sikio likiwa chini. Kuna mahali itavuma, kuna mahali itapotea. Pale itakaposikika nzito lakini kila noti iko wazi, ndipo uihamishie. Mwite na mama akae kwenye kochi wakati unapandisha kitasa taratibu, na akisema "hapo hapo", acha.