Azalea imegeuka manjano, niongeze jivu?

Swali: Mwalimu wa bustani, habari ya huko. Mimi niko Lanet, Nakuru. Desemba nilinunua azalea mbili za pinki kwa naseri ya barabarani, zilikuwa zimejaa maua mpaka majani hayaonekani. Nikazipanda kando ya veranda nikaweka jivu la jikoni, kila jioni namwagilia maji ya kisima cha kuchimbwa na mashine. Saa hii majani ni manjano lakini mishipa yake bado kijani. Jirani anasema hiyo ni njaa, niongeze jivu. Ni kweli?
Mama wa Lanet

Jibu: Mama, usiongeze hata kijiko! Azalea ni jamaa moja na rododendroni na zote zinataka udongo wa asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) kama 4.5 hadi 6, yaani udongo ule ule majani chai inapenda. Jivu linamaliza hiyo asidi, halafu visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji ya magadi magadi, kwa hivyo kila jioni ukidhani unainywesha kumbe unazidisha shida. Madini ya chuma yako kwa udongo lakini mizizi haiwezi kuyanyonya, ndiyo maana jani linageuka na mishipa inabaki. Ingekuwa njaa ya naitrojeni jani lote lingefifia, na yale ya zamani ndiyo yangeanza.

Pia angalia ulipanda aje. Mizizi ya azalea ni myembamba kama nywele na inakaa juu juu tu. Yangu ya kwanza niliizika mpaka shingo nikashindilia na gamboti, nilijiona fundi kweli, wiki sita ikakauka. Kuing'oa hivi, udongo wa naseri bado una umbo la mkebe, hakuna mzizi hata mmoja ulikuwa umetoka nje.

Kwa hivyo zing'oe, loweka mizizi kwa ndoo ya maji ya mvua, ichambue pembeni na vidole. Kata jerikeni ya lita 20, toboa chini, jaza udongo kutoka shamba la majani chai (lazima uko na mtu Kericho au Nandi, nani hana?) uchanganye na majani ya paini yaliyooza. Shina likae juu kidogo kuliko lilivyokuwa kwa mkebe. Maji ya mvua tu, jua la asubuhi, na mbolea ya CAN usiguse juu iko na chokaa ndani. Kukata matawi ni mara tu maua yakiisha, ukichelewa unakata maua ya msimu ujao.

Swali: Niko Kisumu, nataka zile rododendroni kubwa kama mti, nimeona kwa picha za Uingereza. Zitakubali?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Nyingi za hizo asili yake ni Himalaya na China, zinataka baridi, na Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto tupu. Panda boganvilia ulale usingizi. Molo huko ningekuambia jaribu.

Swali: Mbuzi wa shosho hapa Kapsabet amekula matawi ya azalea, kuna shida?

Jibu: Kubwa. Majani yake ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Akitoa mate mengi, akitapika au akiyumba, piga simu kwa daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kesho. Na ukikata matawi yake usiyatupe karibu na boma.