Fundi alisema intaneti haifungwi. Ya kwangu nimeifunga mwenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kasulu ameniandikia. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa anatafuta katuni kwenye kishikwambi, akaangukia picha za uchi. Anauliza akate waifai kabisa? Dada yangu, usikate. Watoto wetu huku Kigoma wanaihitaji intaneti sana. Mitihani ya miaka ya nyuma wanaipata humo, na somo ambalo hawakulielewa darasani wanalikuta limeelezwa humo humo.

Mimi nilipoweka waifai nyumbani kwetu Mwanga, niliita fundi aifunge kwa ajili ya watoto. Akaandika majina ya tovuti kadhaa kwenye orodha ya kuzuia, akachukua hela yake, akaondoka. Jioni ileile kijana wangu mkubwa akafungua nyingine ambayo haikuwa kwenye orodha. Nikampigia fundi. Akanijibu, "Mama, intaneti haifungwi. We lea watoto wako." Maneno yale yananiuma mpaka leo. Amekula hela yangu, halafu ananifundisha malezi!

Basi nikaamua kujifunza mwenyewe, usiku watoto wakishalala. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kuandika tovuti moja moja ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha, kwa sababu mpya zinafunguliwa kila siku. Cha kushika ni DNS. Simu ikitaka kufungua tovuti yoyote, inaiuliza kwanza seva ya DNS namba ya tovuti hiyo. Ukiielekeza ruta yako, yaani kile kifaa kinachosambaza waifai, kwenye seva inayokataa kutoa namba za tovuti za ngono, hazifunguki, hata zile ambazo wewe mzazi hujawahi kuzisikia. Kampuni ya Cloudflare ya Marekani ilianzisha seva za namna hiyo kwa ajili ya familia mwaka 2020, na ni bure. Namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3.

Geuza ruta usome stika yake. Utakuta anwani, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na nywila ya kuingilia. Unganisha simu yako na waifai, andika anwani hiyo kwenye kivinjari, ingia, tafuta palipoandikwa DNS (mara nyingi pako kwenye ukurasa ulioandikwa DHCP), weka namba zile mbili, hifadhi, zima ruta kisha uwashe. Halafu badilisha nywila ya kuingilia ruta. Ukiiacha ile ya kwenye stika, mtoto anayejua kusoma ataingia na kufuta kila kitu.

Wa kwangu alijaribu. Nilikuwa nachambua dagaa, yeye kajilaza mkekani na simu. Anabofya, ukurasa mweupe. Anabofya tena, mweupe. Akanitazama kwa chati, nami nikaendelea na dagaa zangu. Siku chache baadaye nikaona jina la waifai limerudi lile la kiwandani. Kwenye ruta kuna kitundu kidogo ambacho ukikibonyeza kwa kitu chembamba kwa muda, mipangilio yote inafutika. Pini ya mtandio wangu nikaikuta pale pale mezani. Sikumpiga. Nilimketisha, nikamweleza bila kuficha ni nini kilichomo kwenye zile tovuti na kwa nini sitaki akione akiwa na umri ule. Mazungumzo yalikuwa magumu kwetu wote wawili. Ruta sasa iko juu ya kabati chumbani kwangu, na namba nimezirudisha mwenyewe bila kumwita mtu. Hilo najivunia.

Ruta nyingine hazina sehemu ya kubadili DNS. Hapo ingia kwenye mipangilio ya kila simu. Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha, andika family.cloudflare-dns.com. Hata kama ruta yako inakubali, fanya hivyo kwenye simu ya mtoto, maana akijiunga bando lake ruta haina habari naye, na huko barabarani ndiko anakokutana na wenzake.

Wazazi wenzangu, tuamke. Tunamnunulia mtoto simu ili atulie, tunamwachia alale nayo, kisha tunashangaa. Programu za VPN, zinazopitisha intaneti ya simu kwenye seva za watu wengine, zinapita juu ya DNS zote hizi, na vijana wa sekondari wanazijua, kwa hiyo mkubwa anahitaji maneno yako kuliko namba zangu. Kwangu simu zote zinachajiwa sebuleni usiku, ya baba ikiwemo. Alilalamika mwanzoni. Nikamwambia mtoto hawezi kukatazwa kitu ambacho anamwona baba yake anakifanya chini ya shuka, na sasa anaiweka mwenyewe kabla sijamkumbusha.