Ulifanyiwa operesheni ya moyo utotoni na sasa moyo unakimbia? Usilale nao

Mi nilizaliwa na tundu kwenye moyo, wenyewe wanaita Tetralojia ya Fallot, ni kasoro nne kwa pamoja ila kubwa ni hilo tundu kati ya vyumba viwili vya chini na njia ya damu ya kwenda mapafuni kuwa nyembamba. Mwaka 1998 nikapelekwa India, nikiwa na miaka sita, wakaziba, nikarudi Moshi nikasoma, nikacheza netiboli, na kwetu Kibosho neno likawa moja tu, huyu alishapona. Kliniki ya watoto niliacha nikiwa form two na hakuna aliyeniambia niendelee wapi.

Mwaka juzi sasa, niko soko la Mbuyuni nachagua nyanya, moyo ukaanza mbio ghafla, yaani sio kama ukipanda mlima ambapo unaongezeka taratibu, huu uliwaka kama taa. Kizunguzungu, jasho, nikapanda boda mpaka zahanati moja, wakapima malaria hamna, wakasema ni mawazo dada, kapumzike. Nikapumzika siku tatu moyo bado unadunda vile vile, mama ananiletea mtori kitandani. Hizo siku tatu zinaniuma mpaka leo kwa sababu vyumba vya juu vya moyo vikikimbia hivyo damu inatuama humo, inaganda, na kibonge kikipanda kichwani ndo kiharusi.

Kwa hiyo wenzangu mliofanyiwa operesheni utotoni, naomba sana hili mlishike: hesabuni mapigo. Weka vidole kwenye mkono, angalia saa, dakika nzima. Mi nilikuwa napata 150, nimelala 150, nimekaa 150, nimepanda ngazi 150. Moyo wa homa au wa hofu unapanda na kushuka, namba ikigandia sehemu moja hivyo usikubali kuambiwa ni mawazo, na hata isipoganda bado wewe ni mtu wa kupimwa. Tena kapime ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, moyo ukiwa bado unakimbia, usisubiri utulie, maana ukishatulia karatasi inaweza kutoka safi kabisa ukarudishwa nyumbani. Na ukiona unazimia au kifua kinauma hapo hakuna cha kuhesabu, ni emajensi moja kwa moja, usiende mwenyewe.

Nilipofika hospitali ya KCMC dokta akanichorea. Kovu la upasuaji halipitishi umeme, sasa umeme wa moyo ukifika pale unalizunguka, unalizunguka tena, kama gari limeingia kipilefti cha mnara wa saa halipati pa kutokea. Kovu la 1998 linaweza kuleta hayo miaka 20 au 30 baadae, na mshono ulikuwa mzuri tu, hakuna aliyekosea.

Hawakunipiga shoti siku hiyo. Moyo ukiwa umekimbia zaidi ya saa 48 wanakuanzishia kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda kama wiki tatu, au wanaingiza kipimo kooni kuangalia kama kuna bonge, ndo wanakulaza usingizi wanarudisha mapigo kwa umeme. Nikatulia, nikapewa bisoprolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, baada ya miezi mitano mbio zikarudi. Ndo nikapewa rufaa ya Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kuhusu kuunguza: wanapitisha waya kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni, wanatafuta umeme unazungukia wapi, wanaunguza mstari mdogo, yaani wanafunga ile barabara ya kuzunguka. Mbio zinaweza kurudi tena, mjue hilo kabla, na kuna wengine wenye kasoro kama yangu ambao umeme unasumbua vyumba vya chini, hao ni hatari zaidi na wanaweza kuwekewa kifaa cha kuustua moyo.

Warfarin, ndo hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo ina mambo yake. INR yangu, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, wanataka iwe kati ya 2 na 3. Mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa, na sisi wachaga mnafu hatuuachi, basi sikukatazwa, niliambiwa nile kiasi kile kile kila wiki, sio leo sufuria zima halafu mwezi mzima sili. Diclofenac ya dukani ukiumwa mgongo, acha, unaweza kuvuja damu. Na kina dada, kabla hujabeba mimba ongea na dokta wa moyo, usisubiri uone mistari miwili, warfarin inaweza kumdhuru mtoto ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Halafu karatasi ya operesheni. Itafuteni leo, muulize mama, muulize shangazi. Yangu niliikuta kwenye sanduku la vitenge vya bibi, imekunjwa mara nne, na dokta alipoisoma ndo akajua walinikata wapi na kiraka kilikaa wapi.