Maswali ya lugha: mguu wa Mwingereza, nywele za Mhispania

Safari iliyopita niligusia kwamba darasa langu la jioni la Kiingereza hapa Chicago limejaa wasemaji wa Kihispania: Wameksiko, Wahondurasi, na mama mmoja wa Kolombia anayekuja na chupa yake ya kahawa. Kumbe wengi wenu mnafanya nao kazi, na wengine mmeoana nao kabisa. Haya, tujibu.

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ghalani na kijana wa Meksiko. Kila nikimtania ananiambia, "You are taking my hair." Na ana kipara! Ana maana gani? – Msomaji, Houston

Marahaba. Anakwambia unamchezea shere. Kwao kumtania mtu ni "tomar el pelo", kumchukua nywele. Mwingereza naye husema "pull my leg", kumvuta mtu mguu. Rafiki yako kachukua msemo wa kwao akauvisha nguo za Kiingereza. Mwanafunzi wangu mmoja, mpishi, alimjibu msimamizi wake hivyohivyo. Yule bwana akavua kofia, akaichungulia ndani, akaivaa tena.

Lakini usidhani ukimfundisha "pull my leg" umemaliza kazi. Kihispania kina "estirar la pata", kunyoosha mguu, tena mguu wa mnyama, na maana yake ni kufa. Siku niliyoandika ubaoni "I'm pulling your leg", darasa likatazamana: mwalimu anataka kutuua? Halafu kuna "meter la pata", kuutumbukiza mguu, yaani kuboronga. Nahau zilizo mbali kabisa na za kwao wanazishika upesi. Zinazowaangusha ni hizi zinazogusa kiungo kilekile kwa jambo jingine. Nasi tusijione wema: mwambie huyo kijana kwamba jirani kakupiga kamba, kisha kwamba mzee fulani kakata kamba, uone atakavyoitafuta hiyo kamba.

Mwalimu, mume wangu ni Mhispania wa Sevilla, tunaishi Leeds. Anajifunza nahau kwa kadi za kwenye simu. Juzi bosi wake kafiwa na mama, naye akaenda kumpa pole kwa kusema mama "kicked the bucket", kapiga teke ndoo. Tangu siku hiyo hataki kusikia nahau. Nimsaidieje? – Mke mwenye aibu

Pole, dada, na pole kwa mumeo. Kosa si lake peke yake. Kadi ilimwambia "maana yake kufa" ikaishia hapo, haikumwambia kwamba msemo wenyewe ni wa mzaha. Francis Grose aliuweka mwaka 1785 katika kamusi yake ya maneno ya mitaani, na hadi leo haujapata adabu ya kuingia msibani.

Muulize hivi: kwa Kihispania ungemwambia mfiwa kwamba mama yake "amenyoosha mguu"? Au kama wasemavyo Wameksiko, "colgar los tenis", ametundika raba zake? Atashika kichwa, na hapo ndipo atakapoelewa. Wewe mwenyewe huingii matangani ukasema marehemu kakata kamba. Unasema ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Kwa Kiingereza cha msibani "passed away" inatosha.

Kadi asizitupe. Nyuma ya kila moja aandike jambo moja: nilimsikia nani akimwambia nani? Kama hajamsikia mtu yeyote, nahau hiyo aielewe tu, asiitoe mdomoni. Darasani kwangu mtu akielewa mia na kutumia kumi, nampa alama zote. Kwa bosi, kadi ya pole na maua yatatosha, bila maelezo ya kisarufi.

Mimi ni kiongozi wa watalii, Arusha. Wageni kutoka Hispania waliangalia kinyago wakasema, "It costs an eye of the face." Niwasahihishe?

Hapana. Umewaelewa, si ndiyo? Kwao kitu ghali kinagharimu jicho la uso, "un ojo de la cara", na wengine husema figo. Mwingereza anakatwa mkono na mguu. Mteja anayelalamikia bei hasahihishwi lugha, kaka, anapunguziwa bei.

Mwenzangu wa kazini anatoka Honduras, ameniomba nimfundishe nahau za lazima. Nianze na zipi? – Minneapolis

Achana kwanza na ndoo, mbwa na keki. Kinachomtesa ni vitenzi vidogo: "put off" (kuahirisha), "put up with" (kuvumilia), "run out of" (kuishiwa). Wengi hawavihesabu kuwa nahau, lakini hebu jaribu kuifikia maana ya "put up with" kwa kuunganisha "put", "up" na "with". Hufiki.

Msemaji wa Kihispania ana kichochoro cha kupita. Ana "tolerar" na "posponer" kwao, kwa hiyo "tolerate" na "postpone" zinamjia zenyewe, kwani zote asili yake ni Kilatini. Matokeo yake, anaongea kama barua ya wakili katikati ya jikoni. Anaeleweka, ila akiambiwa "we've run out of milk" anasimama: nani kakimbia? Wako pia wanaopita njia ya pili. Hapa Marekani, ambako watu zaidi ya milioni 40 huongea Kihispania majumbani mwao, utasikia "te llamo pa'trás", nitakupigia kwa nyuma. Hiyo ni "call you back", yaani nitakupigia baadaye, iliyohamishwa nzimanzima, na Mhispania wa Madrid akiisikia anakunja uso.

Mweleze kwa "kupiga" yetu. Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki na chafya, na hakuna anayeumia. Mwambie "put" na "run" zina tabia hiyohiyo, na kila moja inashikwa pamoja na mwenzake, kama pasi na kupiga. Anza na zile anazoambiwa na msimamizi kila siku. Akimaliza hizo, hata keki mtaifikia. "Piece of cake" ni rahisi kama kumsukuma mlevi, na kwao ni "pan comido", mkate ulioliwa.

Watu bado wanasema "raining cats and dogs"?

Kunyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa? Wanaielewa, na vitabu vya kiada vinaipenda mno. Mtaani mimi nasikia zaidi "it's pouring", inamiminika. Tena hii inamfaa msemaji wa Kihispania, maana kwao mvua kubwa hunyesha kwa mitungi, "llueve a cántaros". Kumimina anakujua.

Paka ana roho ngapi? Tumebishana na shemeji yangu Mkolombia.

Kwa Mwingereza tisa, kwa Mhispania saba. Nilikokulia mimi, Tanga, tulihesabu saba. Darasani tulipiga kura, saba ikashinda kwa kishindo, lakini nikawaambia kwenye mtihani waandike tisa.