Anko, tunataka kulala kwa ngome ya zamani kule baharini

Wiki hii barua nyingi zimekuja kuhusu ngome na magofu, nafikiri ni kwa sababu Desemba inakaribia. Nimechukua tatu.

SWALI: Anko, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni kijana wa miaka 24, tuko watatu na tunapenda sana kuingia majengo yaliyoachwa, tunapiga video, tushaingia magodauni ya zamani huku kwetu na hatujawahi kupata shida. Desemba tunataka kushuka Mombasa tutafute ngome ya jeshi la kitambo ile imeachwa kando ya bahari, tuingie usiku tulale ndani mpaka asubuhi. Mama anasema kuna majini, rafiki yangu anasema shida ni polisi. Wewe unasemaje, na tubebe nini?

JIBU: Mpwa wangu, barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ni kama niliiandika mimi nikiwa na umri wako. Mama yako asikilizwe na rafiki yako pia asikilizwe, nitarudi kwao, lakini kile kitu kinaweza kuwamaliza nyinyi watatu hakuna aliyekitaja. Ni maji.

Nyinyi mmelelewa na ziwa. Pale Dunga maji yakiwa mahali fulani jioni, asubuhi utayakuta hapo hapo, mawimbi tu ndiyo yanabadilika. Bahari haiko hivyo. Bahari inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kutoka kupwa mpaka kujaa ni masaa sita na dakika kidogo, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo ratiba ya jana haikusaidii leo. Halafu kuna siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapo maji yanatoka mbali sana na yanarudi juu sana, pale Mombasa tofauti inapita mita 3, hiyo ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba yenu. Na hizo ngome zilijengwa pale kwenye mdomo wa bahari kwa makusudi, ndio wazione meli zikiingia, kwa hivyo ile njia nyepesi ya kuzunguka kwa chini mara nyingi ni njia ya bahari, wewe umeazimwa tu.

Nikuambie ilivyotufika. Tulikuwa watatu kama nyinyi, mbalamwezi imewaka, tukaenda kwa gofu moja la pwani ambalo sitalitaja kwa sababu sitaki mtu afuate nyayo zangu. Mbele kulikuwa na ua na mlinzi, tukaamua kuzunguka upande wa bahari. Ilikuwa saa nne usiku, maji yamekupwa kabisa, mwamba uko wazi, tukatembea na raba bila kulowa hata soli, tukapanda kwa ufa wa ukuta. Hakuna aliyejua tuko wapi isipokuwa mzee mmoja mvuvi tuliyepishana naye, akatuuliza mnarudi saa ngapi, tukamwambia asubuhi, akanyamaza kidogo kisha akasema basi msitoke kabla jua halijapanda. Hatukuelewa alichokuwa anatuambia.

Saa nane hivi rafiki yangu akapanda ghorofani kupiga picha. Sakafu zile za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na ile aliyokanyaga kwa juu ilionekana nzima kabisa, kumbe ndani mchwa wameacha unga tu. Mguu ukapita mpaka pajani. Tulipomtoa ngozi ya mbele ya mguu ilikuwa imekunjika kama soksi, na ndani ya kidonda kumejaa chokaa na mchanga. Nikamfunga na shuka langu, tukasema twende hospitali. Tukafika kwa ule ufa, nikamulika chini na tochi, mwamba haupo. Maji yanapiga ukuta pale pale tulipopandia, meusi, na bado yalikuwa yanapanda, saa kumi alfajiri ndiyo yalifika juu kabisa. Mtandao hakuna. Tulikaa na yeye akitetemeka, nimeshika lile shuka kwa mikono miwili, na ilikuwa karibu saa mbili asubuhi ndipo kichwa cha mwamba kilianza kuonekana. Alipona, lakini kidonda kilioza kwanza na kovu analo mpaka leo. Ule usiku nilimwomba Mungu mambo mengi.

Sasa rafiki yako na polisi. Jua kwanza kwamba karibu hakuna ngome pwani ambayo haina mwenyewe. Fort Jesus ya Wareno ilijengwa kati ya 1593 na 1596, ikawa gereza kuanzia 1895 mpaka 1958, leo ni makumbusho na jioni geti linafungwa. Mabaki ya Fort St. Joseph pale Mama Ngina unayaona bure mchana. Ngome ya Siyu iko kisiwa cha Pate kule Lamu, na huko unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, maji yakikupwa boti haipiti, tena Lamu kumekuwa na shida ya usalama miaka mingi kwa hivyo uliza kabla hujafunga begi. Magofu ya namna hii yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, hata kung'oa jiwe ubebe nyumbani ni kosa. Na mahali popote penye alama ya jeshi, hata kama pamemea nyasi, usiingie na usipige picha. Mnachotakiwa kufanya ni kuandika barua kwa ofisi ya makumbusho ya pale pale mapema, mseme mko wangapi na mnataka nini, na wakikataa kulala wanaweza kuwapa mtu wa kuwazungusha mpaka jua lizame. Mimi sikuuliza, ndiyo maana nilipita kwa bahari, na kama ningeuliza mlangoni mguu wa rafiki yangu ungekuwa mzima.

Ndani kwenyewe, ogopa vitu viwili. Cha kwanza ni visima na mabirika ya maji, ngome zote zilihitaji maji ya kukaa nayo wakati zimezingirwa, na mengine leo yamefunikwa na majani tu, kwa hivyo usitembee gizani na simu moja mkononi, kila mtu awe na tochi ya kichwani na betri za ziada. Cha pili ni popo. Nyinyi wa magharibi mnapajua Kitum kule Mlima Elgon. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili walioingia lile pango waliugua Marburg wakafa, na popo wa matunda ndio wanabeba hicho kirusi. Sisemi kila popo ana ugonjwa, nasema chumba chenye mavi ya popo usilale, na lile vumbi usilitimue kwa miguu kwa sababu lina kuvu inayoingia kwa mapafu.

Kwa mama yako, mwambie Anko amekubaliana naye nusu. Kuna magofu ambayo wenyeji wanaenda kuomba dua, utakuta ubani, vitambaa, chupa ya marashi. Usiguse na usipige video. Hata usipoamini, hapo ni kwa mtu.

Mkipata ruhusa bebeni maji ya kunywa ya kutosha, dawa ya kuosha kidonda na bandeji, viatu vya kufunika kidole, na jina la mtu mmoja pale kijijini anayejua mko ndani na mtatoka saa ngapi. Na kabla ya yote mtafuteni mvuvi mumuulize maji leo yanajaa saa ngapi. Akiwajibu, msikilizeni mpaka mwisho.

SWALI: Mimi ni mama wa Nakuru, kijana wangu wa miaka 16 ameona hizi video na ananisumbua kila siku nimruhusu aende na wenzake. Nimnyime kabisa?

JIBU: Mama, kulala ndani mnyime, miaka 16 bado. Lakini ile hamu usiizime, ni mtoto anataka kujua. Mpeleke Hyrax Hill, hapo hapo Nakuru ukitoka mjini kuelekea Nairobi. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alichimba pale kuanzia 1937, na juu kilimani kuna boma la mawe linaloitwa ngome, watu wengi wa Nakuru hawajawahi kulipanda. Ukisimama pale unaona ziwa. Mpe daftari achore ramani ya ule ukuta mwenyewe, halafu umuulize yeye angeweka mlango upande gani.

SWALI: Anko, mbona kila mtu anakimbilia pwani, sisi wa Bungoma hatuna ngome?

JIBU: Mnayo ndugu yangu, na ina uchungu. Chetambe, juu ya Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia humo ndani ya ukuta wa udongo na handaki baada ya ngome yao ya Lumboka kuanguka, wakapigana na vikosi vya Hobley, afisa wa Waingereza, vilivyotoka Mumias, mikuki kwa bunduki. Watu wengi walikufa pale. Hakuna kuta kubwa kama za Fort Jesus na mtu anaweza kupita bila kujua amekanyaga nini, ndio maana nakuomba uende na mzee wa huko, hatua kwa hatua atakuonyesha handaki lilipita wapi. Ukipata nauli nyingine shuka Migori uone Thimlich Ohinga, kuta za mawe zimepangwa bila saruji wala udongo, sehemu zingine zinapita mita 4, UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Chetambe nenda asubuhi umande ukishakauka, na uvae gambuti.