Oktoba na mtoto mdogo huku Minnesota: maepo, maboga na usiku wa Halloween

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja aliyefika huku Minnesota, Marekani, mwezi wa nne alinipigia simu usiku, dada, chekechea wameleta karatasi wanasema tarehe 31 ni Halloween, watoto waje wamevaa nguo za kuigiza, sasa hii ni nini, mtoto namvalisha nini, na mbona kanisani nimesikia wengine wanasema ni mambo ya shetani? Mwanae ana miaka miwili na nusu. Tuliongea karibu saa nzima mpaka nikaona bora niandike tu, maana kila mwaka kuna mtu namweleza haya haya. Mi wangu ni mmoja, wa kiume, mwezi ujao anatimiza minne, na hizi Oktoba zilizopita nimekosea vitu vingi ambavyo ningeambiwa mapema nisingekosea.

Kosa kubwa lilikuwa kudhani mtoto anataka kile ninachotaka mimi. Mwaka juzi nilikuwa nimeona picha za watu kule ufukweni mwa Ziwa Superior, milima yote rangi ya machungwa na nyekundu, nikamwambia baba yake twende Duluth, mji wa hapo ziwani, tuone majani yanavyogeuka rangi, tunaenda asubuhi tunarudi jioni. Kutoka hapa St. Paul ni kama maili 150, masaa mawili na nusu barabarani ukiwa mtu mzima. Ukiwa na mtoto ambaye hajafika miaka mitatu ni masaa manne, maana alitapika mara ya kwanza hatujafika hata katikati, tukasimama tukamsafisha, akalala, akaamka analia, tukafika ziwani upepo unakata mashavu na yeye anataka kurudi ndani ya gari. Majani tuliyaona kupitia kioo. Baba yake hakusema kitu ila njia nzima ya kurudi alikuwa kimya na mi nikajua.

Wikiendi iliyofuata nikampeleka Minnehaha, pale pale Minneapolis, kuna maporomoko ya maji ya futi 53 na miti ya kila rangi, dakika 15 kutoka nyumbani. Unajua alichofanya? Maporomoko aliyaangalia kama dakika moja. Lile rundo la majani makavu pembeni ya njia ndo alikaa nalo saa nzima, anayarusha juu, anayalalia, ananiletea moja moja mama shika, mama shika hii ya njano. Pale ndo nilielewa. Kwa mtoto wa umri huu nenda karibu, nenda asubuhi, kama saa 3 ameshakula na ameshaenda choo, na kabla ya saa 7 mchana uwe umerudi nyumbani alale. Ukivuka hapo unamtafutia ugomvi mtoto wa watu.

Rangi huku kwenye miji yetu miwili, Minneapolis na St. Paul, huwa zinakolea Oktoba mwanzoni hadi katikati, kaskazini zinatangulia. Idara ya maliasili ya jimbo ina ramani yake kwenye intaneti inayoonyesha kila mbuga ya jimbo imefikia wapi, angalia hiyo kabla hujawasha gari. Kuingia mbuga za jimbo unalipia gari, kwa siku au kwa mwaka mzima, na mi nakushauri ya mwaka kwa sababu ukishalipa ya mwaka hujilazimishi kukaa, mtoto akichoka baada ya nusu saa mnaondoka na roho haiumi. Na mtoto akikuuliza kwa nini majani yamegeuka mwambie tu kwamba siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ile kijani, na njano ilikuwepo humo humo muda wote imefichwa chini yake. Wangu hii aliipenda sana, sasa hivi kila kitu kimefichwa chini ya kingine.

Halafu kupe. Hili sikuambiwa na mtu. Unafikiri baridi ikianza wadudu wameisha, kumbe wale kupe wa miguu myeusi waliokomaa, wanaobeba ugonjwa wa Lyme, ule wa bakteria unaoupata ukiumwa nao, wanatembea sana Oktoba, mpaka theluji ifunike ardhi, na wanapenda majani makavu porini na kwenye nyasi ndefu. Kwa hiyo suruali ingiza ndani ya soksi, na mkirudi mvue zote, mkague nyuma ya masikio, kwapani, kwenye nywele, nyuma ya magoti, katikati ya mapaja. Mi nafanya wakati wa kuoga, inakuwa kama mchezo.

Maepo sasa. Kama hujawahi kuchuma epo mtini nenda, hata kama huna mtoto. Lile epo linaloitwa Honeycrisp ambalo dukani ni bei mbaya lilizalishwa hapa hapa, Chuo Kikuu cha Minnesota, wakaliachia kwa wakulima mwaka 1991, na linakomaa Septemba mwishoni, kwa hiyo ukisubiri katikati ya Oktoba mara nyingi miti yake imeshachumwa yote. Oktoba unakuta Haralson, hilo ni la zamani, la 1922, lina uchachu, kwangu mimi ndo zuri zaidi maana linanikumbusha embe bichi na chumvi. Piga simu shambani kwanza uulize leo wanachumisha nini. Na mtoto mdogo usimpe epo zima kubwa atembee nalo anakula anakimbia, mkatie vipande vyembamba akae chini, epo bichi ni gumu na linakaba.

Kwenye mashamba ya maboga kuna mambo mengi, kuna trekta linavuta tela lenye marobota ya nyasi kavu watu wanakaa juu, kuna shamba la mahindi limekatwa njia za kupoteana humo ndani, kuna mbuzi wa kulisha, na kila kimoja kina bei yake. Mi ushauri wangu lipia kimoja tu. Trekta wangu analipenda, anakaa mapajani kwangu nimemshika kiuno. Shamba la mahindi tuliingia mara moja, sisi watu wa Tanga tukasema mahindi tunayajua bana, tukapotea dakika 40 na mtoto amebanwa na mkojo. Achaneni nalo mpaka afike miaka sita hivi.

Boga mwache achague mwenyewe, hata kama ni bovu upande mmoja. Ila wewe chagua la pili, la kula. Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzi nyuzi, ukiyapika hayana ladha, uliza yale madogo madogo matamu ya kuoka. Nilimuuliza mzee mmoja mwenye shamba kama naweza kuchuma majani ya maboga akashangaa kwamba tunakula, akaniambia chukua, lakini Oktoba yalikuwa yameshakauka yamejaa ukungu mweupe. Ukitaka hiyo mboga panda mwenyewe bustanini mwezi wa sita uchume machanga kabla baridi haijayaunguza.

Nije kwenye Halloween yenyewe, ile siku watoto wanavaa nguo za kuigiza wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na nianze na lile la imani kwa sababu ndo linalosumbua wengi wetu. Jina lenyewe ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo ni tarehe 1 Novemba, na mambo ya taa na kujigeuza sura yalikuja Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland ambao kwao walikuwa wanachonga taniphu, mzizi wa mviringo kama figili kubwa, boga wakalikuta huku. Mi ni Mkatoliki, nimekua tarehe 2 Novemba tunaenda makaburini na bibi tunasafisha na kusali, kwa hiyo nilivyojua hizi siku zimefuatana hivyo moyo ulitulia kidogo. Sisi nyumbani tuliamua boga sawa, pipi sawa, simba na twiga sawa, mizimu na damu na wachawi hapana. Jirani yangu wa Mombasa ni Muislamu, yeye hashiriki kabisa, siku ile anawatoa watoto wanaenda kula pizza na kuogelea na watoto wanaisubiri kwa hamu vile vile. Wote tuko sawa. Cha muhimu muamue wewe na mwenzio mapema, Septemba, halafu mwambie mwalimu kabla ya ile karatasi, mwalimu akijua mapema anapanga, mtoto hakai pembeni peke yake anaangalia wenzake. Kinachoumiza mtoto ni kuamua asubuhi ya siku yenyewe mbele ya mlango wa darasa, nimeona, yule mtoto alilia mpaka mi nikalia.

Woga. Hapa naomba mnisikilize sana. Wangu akiwa na miaka miwili kasoro tuliingia duka moja kununua sabuni tu, mlangoni kuna mifupa ya mtu mirefu kuliko baba yake, ukipita inawasha macho mekundu na kucheka. Mtoto alinikaba shingo. Wiki mbili halali bila taa, anasema yupo, yupo. Na mi kosa langu nilikuwa namwambia acha uoga, we mwanaume, si plastiki tu ile. Kwake haikuwa plastiki, kwa umri ule hawajui bado kutofautisha. Siku hizi nafanya hivi, wiki moja kabla tunapita mtaani kwetu mchana, jua linawaka, tunaangalia nyumba zilivyopambwa, anachagua mwenyewe hii tutakuja, hii hapana. Nyumba aliyoikataa hatuendi, hata wawe wanatoa chokoleti nzima. Na mtu akivaa kinyago namuomba akivue avae tena mbele ya mtoto aone ni uso wa mtu wa kawaida, watu hawakatai.

Na si lazima iwe usiku. Kuna mji wa Anoka, kaskazini kidogo ya Minneapolis, wao wanajiita makao makuu ya Halloween duniani, wamekuwa na maandamano yao tangu 1920, walianzisha ili vijana waache utundu wa usiku ule, na kuna ya mchana kabisa. Makanisa mengi nayo yanafanya ile ya magari, watu wanapaki, wanapamba buti, watoto wanapita gari hadi gari, mwanga upo na barabara hamvuki. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo inatosha kabisa.

Mkienda mtaani, tokeni mapema. Tarehe 31 jua huku linazama kama saa 12 jioni, kama kwetu Tanga vile, na huwa inanigusa kidogo kwa sababu katikati ya kiangazi lilikuwa linazama saa 3 usiku na mtoto anakataa kulala anasema bado mchana. Basi saa 11 mnatoka, saa 12 na nusu mmerudi. Nyumba yenye taa ya mlangoni imewaka ndo inatoa pipi, iliyozima msigonge. Mkivuka barabara mshike mkono, kule gizani dereva hamuoni, mbandikie ule utepe unaong'aa mgongoni.

Baridi usiichezee. Jioni ile inaweza kuwa nyuzi 40 za Fahrenheit, kama 4 za Celsius, na wenyeji mpaka leo wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilianza siku hiyo hiyo na ikaendelea mpaka ikafika inchi 28 hapa mjini. Kwa hiyo hilo vazi la simba nunua saizi kubwa zaidi, jaketi liingie ndani yake. Mkiwa kwenye gari ila jaketi nene livue kwanza kabla ya kufunga mikanda ya kiti chake, nene linafanya mkanda ukae legelege na ajali ikitokea anachomoka. Usoni mpake rangi kidogo, vinyago vinawaziba macho.

Pipi ndo zinaninyima usingizi kwa sababu wangu ana aleji ya karanga. Tuligundua akiwa na mwaka na miezi sita, kisamvu cha karanga, kijiko kimoja, uso ukavimba na pumzi ikaanza kukwama, tukakimbia hospitali. Sasa natembea na sindano yake ya epinefrini, dawa ya dharura ya aleji kali, mfukoni kwangu, sio kwenye begi lililobaki garini. Vile vipipi vidogo mara nyingi havijaandikwa viungo juu yake, na vingine vinatengenezwa tofauti na vile vikubwa vya jina lile lile, kwa hiyo usiseme hii naijua. Sheria ya nyumbani kwetu hali hata moja njiani. Nabeba zangu salama mfukoni, akitaka nampa ya kwangu. Tukirudi tunamwaga zote mezani, zenye shida tunabadilishana naye kwa ambazo nilinunua mimi, na anaipenda hiyo kama soko. Ukiona boga limepakwa rangi ya bluu-kijani mlangoni, hao wanatoa vitu visivyoliwa, stika, kalamu, vimpira, wamefanya kwa ajili ya watoto kama wangu, tangu 2014 imeenea nchi nzima. Na sisi tunaweka letu. Mwaka jana alikuja mama mmoja na binti yake, akaliona boga akaniambia asante huku machozi yanamtoka, sikumjua lakini nilimuelewa.

Hata asiye na aleji, chini ya miaka minne pipi ngumu, karanga nzima, bisi na zile za kunata unaziondoa zote, zinakaba koo.

Boga lake usichomeke mshumaa wa moto, kuna vitaa vya betri vya dola moja. Na usilichonge wiki mbili kabla, litaoza. Sisi tunachonga tarehe 30, anachota mbegu kwa mikono mpaka viwikoni, tunaziosha, chumvi, ndani ya oveni. Lile dogo la kula nalihifadhi mpaka tarehe 2. Jioni hiyo nalipika na tui la nazi, iliki na sukari kidogo kama bibi alivyokuwa anafanya, tunawasha mshumaa mmoja mezani, tunamtaja bibi na wengine wetu waliolala kule Tanga. Mwaka jana aliuliza bibi naye alikuwa anavaa simba. Nikamwambia bibi alikuwa anavaa kanga, akasema basi mwaka huu anataka kanga.

Nimeshamtolea moja, ya njano.